Salio Ndilo Shahidi: Kuhamisha Hesabu za Zamani Kwenda Programu Huria

Tarehe 30 Juni 2009 Microsoft iliacha kuuza Money, programu iliyokuwa ikitunza hesabu za nyumbani tangu 1991. Mwaka uliofuata ikatoa toleo la kuagana liitwalo Money Plus Sunset, la bure, ili wenye mafaili ya zamani waendelee kuyafungua. Mpinzani wake mkubwa, Quicken, aliuzwa na Intuit mwaka 2016. Mint, huduma ya mtandaoni ambayo Intuit hiyohiyo ilikuwa imeinunua mwaka 2009, ilifungwa Machi 2024, na waliokuwa wakiitumia wakapewa muda mfupi wa kupakua miamala yao kama faili la CSV kabla mlango haujafungwa.

Kama uliishi Marekani, Uingereza au Muscat ukajizoesha Quicken, au kompyuta yako ya kwanza ilikuja na Works Suite ambayo ndani yake mlikuwa na Money, basi mahali fulani una faili lenye miaka kadhaa ya maisha yako. Na kama hujawahi kugusa programu hizo, huenda una kitu kilekile kwa sura nyingine: kitabu cha Excel chenye karatasi moja kwa kila mwezi, kilichoanza nadhifu Januari na kuishia na rangi za njano ambazo hata wewe mwenyewe umesahau maana yake.

Programu huria zina faida moja iliyo wazi hapa. GnuCash na KMyMoney huhifadhi hesabu katika XML iliyobanwa. Money Manager Ex hutumia SQLite. HomeBank nayo hutumia XML. Muundo wa mafaili hayo unajulikana na unasomeka na programu nyingine nyingi. Waandaaji wake wakichoka kesho, hesabu zako hazitafungiwa ndani. Kazi iliyobaki ni kuzifikisha huko, na kazi hiyo ina mitego ambayo haionekani siku ya kwanza. Huonekana mwezi wa tatu, pale programu inapokwambia una milioni nne benki na benki inakwambia una milioni tatu na laki moja.

Kwanza amua utabeba nini

Watu wengi huanza kwa kuuliza namna ya kuhamisha kila kitu. Ningependa waanze kwa kuuliza wanahitaji nini huko waendako. Bei uliyonunulia sukari mwaka 2008 haitakusaidia kupanga bajeti ya mwezi ujao. Kama lengo lako ni kujua fedha zinakwenda wapi sasa, chagua tarehe moja ya kuanzia. Tarehe 1 Januari inafaa. 1 Julai inafaa pia kwa anayefuata mwaka wa fedha wa serikali. Andika salio la kila akaunti lilivyokuwa usiku wa kuamkia siku hiyo, liingize kama salio la kuanzia, kisha ingiza miamala ya kuanzia hapo tu. Hesabu za nyuma zibaki kwenye PDF na CSV, mahali utakapozipata siku ukizihitaji. Kazi hiyo yote huisha kwa jioni moja.

Maoni yangu ni kwamba kwa watu wengi hii ndiyo njia sahihi. Wanaoikataa mara nyingi huikataa kwa sababu wanatamani kuona chati ya miaka kumi. Chati hiyo huitazama mara moja, hawarudi tena.

Kuna wanaohitaji zaidi. Mwenye hisa au vipande vya mfuko wa uwekezaji ambavyo hajaviuza lazima abebe kumbukumbu za bei ya kununulia, maana siku ya kuuza ndiyo itakayoonyesha faida au hasara. Mwenye nyumba ya kupangisha, mwenye ujenzi unaoendelea, mwenye mkopo ambao marejesho yake hayajaisha, na yeyote anayeweza kuulizwa na mamlaka ya kodi kuhusu miaka iliyopita, nao wana sababu ya kubeba historia. Lakini hata wao wanaweza kubeba historia kamili ya akaunti hizo chache, na nyingine zote wakazibeba kwa salio tu.

Toa data wakati programu ya zamani bado inafunguka

Usafi ufanyike kule ulikotoka. Programu ya zamani unaijua. Mpya bado huijui, na kusahihisha makosa elfu mbili kwenye programu usiyoijua ni adhabu. Linganisha kila akaunti na taarifa ya benki ya mwisho uliyo nayo. Unganisha aina za matumizi zilizojirudia: kama una "Umeme", "LUKU" na "luku", zote zitahamia upande wa pili kama akaunti tatu tofauti. Futa zisizotumika.

Kisha, kabla hujatoa faili lolote, chapisha ripoti moja: salio la kila akaunti tarehe 31 Desemba kwa kila mwaka unaouhamisha. Ichapishe kwenye karatasi au iweke PDF. Karatasi hii ina thamani kuliko faili lenyewe la data. Bila hiyo, ukimaliza kuingiza kila kitu hutakuwa na namna ya kujua kama kilichofika ndicho kilichotoka. Idadi ya mistari iliyoingia haithibitishi chochote. Salio ndilo shahidi.

Kama kompyuta ya zamani imekufa na faili limebaki kwenye CD au flashi, njia bado ipo. Money Plus Sunset hufungua mafaili mengi ya matoleo ya zamani ya Money na kuyageuza yafuate muundo wake. Fanya hivyo kwenye nakala, kwa sababu faili likishageuzwa toleo la zamani halitalitambua tena. Kwa Quicken, faili la zamani sana huenda likahitaji kufunguliwa kwanza na toleo la kati ndipo lipokelewe na toleo jipya. Programu ikigoma kabisa kwenye Windows ya leo, VirtualBox, nayo ni programu huria, inakuwezesha kuwasha Windows ya zamani ndani ya kompyuta yako ya sasa. Na kama uliweka nywila kwenye faili, itafute leo.

Money hutoa data akaunti moja kwa wakati. Mwenye akaunti tisa atakuwa na mafaili tisa, hivyo yape majina yanayoeleweka, jina la akaunti na sarafu yake, wala usiyaache yaitwe "export1" mpaka "export9".

QIF, karani mzee

Faili utakalolipata mara nyingi zaidi ni la QIF, muundo uliotoka kwa Quicken na ambao karibu programu zote za hesabu za nyumbani huusoma. Lifungue kwa Notepad. Usiogope, ni maandishi matupu:

!Type:Bank
D14/3'06
T-85,000.00
PDuka la vifaa
LUjenzi:Saruji
^

Herufi ya kwanza ya kila mstari ndiyo yenye maana. D ni tarehe, T ni kiasi, P ni uliyemlipa, L ni aina ya matumizi, M ni maelezo, N ni namba ya hundi, na alama ya ^ hufunga muamala. Muamala uliogawanywa, mathalani risiti moja ya duka yenye chakula na sabuni, huwa na mistari ya S na ya $ kwa kila fungu. Nukta mbili katikati ya "Ujenzi:Saruji" huonyesha kwamba saruji iko chini ya ujenzi, na GnuCash nayo hutumia nukta mbili kwa kazi hiyohiyo, kwa hiyo mpangilio wako wa matawi hufika salama.

Ukishauona muundo huu unaelewa pia kinachokosekana. Hakuna mahali pa kuandika sarafu. Hakuna namba ya pekee ya kutambulisha kila muamala, kwa hiyo programu mpya haina njia ya uhakika ya kujua kwamba mstari huu iliwahi kuuona. Na tarehe haijisemi ni ya mtindo gani. Ile ritifaa kabla ya 06 ni jinsi Quicken inavyoonyesha miaka ya 2000 na kuendelea. Miaka ya tisini iliandikwa kwa mkwaju, kama 3/14/98. Programu nzuri zinalijua hilo. Faili likikataliwa, hapo ndipo pa kutazama kwanza.

Suala la tarehe liangalie kwa makini zaidi, hasa kama Quicken yako ilinunuliwa Marekani. Mmarekani huanza na mwezi, sisi tunaanza na siku. Kwenye faili lenye 3/14 programu inaweza kutambua kwamba hakuna mwezi wa kumi na nne. Lakini 3/4 ni tarehe tatu Aprili au tarehe nne Machi? GnuCash ikishindwa kuamua itakuuliza. KMyMoney hukutaka uchague mtindo wa tarehe na wa namba kwenye wasifu wa QIF kabla ya kuingiza. Usijibu kwa kubahatisha. Tafuta muamala mmoja ambao tarehe yake unaijua bila shaka, mshahara au ada ya shule, uutazame ndani ya faili, ndipo ujibu. Ukikosea kwenye CSV, mistari yenye siku zaidi ya 12 itakataliwa na kukupigia kelele, ila ile ya siku 1 mpaka 12 itaingia kimya ikiwa imegeuzwa mwezi na siku. Ukiona zaidi ya nusu ya mistari ina hitilafu, usiifute ili uendelee. Rudi ubadilishe mtindo wa tarehe.

Na kwa sababu QIF haibebi sarafu, usichanganye akaunti ya dola, ya riyali na ya shilingi kwenye awamu moja ya kuingiza. Kila sarafu iwe na awamu yake. Miamala ya kubadilisha fedha, dola ikitoka na shilingi ikiingia, itabidi uiunganishe kwa mkono baadaye, kwa kiwango halisi cha siku ile kilichoandikwa kwenye risiti ya bureau.

Uhamisho kati ya akaunti zako mwenyewe

Sehemu inayoharibu hesabu za watu wengi ni hii. Tuseme ulitoa shilingi 500,000 kwenye akaunti ya mshahara ukaziweka akiba. Kwa Quicken huo ni muamala mmoja unaoonekana pande mbili. Ukitoa QIF ya akaunti ya mshahara utaandikwa -500,000, na mstari wa L utasema [Akiba], kwa mabano ya mraba, ishara kwamba hiyo ni akaunti nyingine na wala hayo hayakuwa matumizi. Ukitoa QIF ya akiba utaandikwa tena, 500,000 kwa upande wa kuingia, na L itasema [Mshahara]. Ukiyaingiza mafaili hayo kwa nyakati tofauti kwenye programu isiyokagua marudio, akiba itapokea milioni moja na mshahara utapungukiwa milioni moja.

Tazama jinsi kosa hili linavyojificha. Jumla ya mali yako haijabadilika hata senti, maana kilichozidi huku kimepungua kule. Ukitazama ukurasa wa mbele wa programu, kile kiasi kikubwa cha jumla, kila kitu kiko sawa. Lakini kila akaunti peke yake ni ya uongo. Ndiyo maana nilisisitiza ripoti ya salio la kila akaunti, wala siyo la jumla.

Kwa GnuCash dawa ni rahisi: unapoingiza QIF, programu hukuruhusu kupakia mafaili yote kabla ya kuendelea na hatua inayofuata. Yapakie yote ya sarafu moja kwa pamoja. Itaona mabano ya mraba, itajua kwamba [Akiba] ya faili hili ndiyo akaunti ya faili lile, na itaunganisha pande mbili za kila uhamisho. Ndiyo sababu majina ya akaunti yasiguswe katikati ya zoezi. Ukibadilisha "Akiba" kuwa "Akiba NMB" baada ya kutoa faili la kwanza na kabla ya kutoa la pili, uhusiano unakatika.

CSV haina mabano ya mraba wala chochote kinachofanana nayo. Kwa CSV tumia akaunti ya mpito. Fungua akaunti moja ya mali, iite "Njiani". Kila uhamisho unapotoka akaunti moja, uelekeze Njiani. Unapoingia akaunti ya pili, uonyeshe umetoka Njiani. Ukimaliza kuingiza akaunti zote, salio la Njiani liwe sifuri. Lisipokuwa sifuri, kiasi kilichobaki ndicho uhamisho ambao upande wake mmoja haujafika, na kwa kawaida kiasi chenyewe hukwambia ni upi. Njia hii inafaa sana kwa maisha yetu ambapo fedha hutoka benki, zikaenda kwenye simu, zikatoka kwa wakala na kuwa taslimu, zote ndani ya saa moja. Yote hayo ni uhamisho. Matumizi halisi katika safari hiyo nzima ni makato tu.

Excel ina mikono mirefu

Benki nyingi na huduma za fedha kwa simu hukupa taarifa kwa PDF au CSV. CSV ni njia nzuri mradi usiifungue kwa kubofya mara mbili. Excel ikifunguliwa hivyo hujiamulia mambo. Namba ya simu 255 na tarakimu tisa za mbele yake inakuwa kitu kama 2.56E+11, na ukihifadhi faili hilo tena kama CSV, kilichoandikwa ndani ni hicho kifupisho; namba yenyewe imekwenda. Sifuri ya mwanzo ya 07 huondoka. Tarehe zinazowezekana kusomwa kwa mtindo wa kompyuta yako hugeuzwa tarehe, nyingine zinabaki maandishi, na sasa safu moja ina vitu viwili. Tumia njia ya Excel ya kuleta data kutoka kwenye faili la maandishi, uiambie safu za namba za simu na za kumbukumbu ni maandishi. LibreOffice Calc kwa hili ni bora zaidi, kwa sababu hukuuliza kuhusu kila safu kabla ya kufungua. Na mara zote fanyia kazi nakala.

Vitu vya kusafisha kwenye CSV ya benki vinajulikana: koma za maelfu, maneno CR na DR yaliyogandishwa mwishoni mwa namba, kiasi hasi kilichowekwa ndani ya mabano, mistari ya juu yenye jina lako na anwani ya tawi, na mstari wa jumla chini. GnuCash tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018 ina kiingizi cha CSV kinachokuruhusu kuruka mistari ya juu na ya chini, kuchagua mtindo wa tarehe, kutenganisha safu ya fedha iliyoingia na iliyotoka, na kuhifadhi mipangilio hiyo kwa jina ili mwezi ujao usianze upya. CSV ya Mint ilikuwa na tabia yake: kiasi chote kiliandikwa chanya, na safu nyingine ndiyo iliyosema "debit" au "credit". Aliyeiingiza bila kuliona hilo alijikuta tajiri ghafla.

Herufi pia zina neno. Kiswahili kimetuepusha na alama za juu ya irabu zinazowasumbua Wafaransa, isipokuwa kwenye ng'. Ikiwa ritifaa iliandikwa ile iliyopinda, na faili likasomwa kwa usimbaji usio wake, duka la Ng'ang'a litaingia kama Ngâ€™angâ€™a. Chagua UTF-8, ikileta uchafu, jaribu Windows-1252. Ukiacha ilivyo, programu itamhesabu kuwa mtu mwingine, na ripoti ya umempa nani kiasi gani itakuwa na watu wawili.

Kwa taarifa za M-Pesa, kuna tahadhari ambayo sijaiona ikisemwa vya kutosha. Makato ya muamala huandikwa mstari wake mwenyewe, lakini kwa namba ileile ya risiti. Mtu anayetaka kuondoa marudio kwa kuiamuru Excel ifute mistari yenye namba zinazofanana anafuta makato yote ya mwaka, kisha anashangaa salio halilingani. Marudio ya kweli yana namba sawa, kiasi sawa na maelezo sawa. Yakitofautiana kiasi, yaache.

Muundo bora kuliko yote haya, ukiupata, ni OFX, ulioanzishwa mwaka 1997 na Microsoft, Intuit na CheckFree. Kila muamala ndani yake una namba ya utambulisho kutoka benki, kwa hiyo ukiingiza faili lilelile mara mbili programu inajua. Kama benki yako ya ughaibuni inautoa, au inatoa mdogo wake QFX, uchukue huo.

Programu ipi?

GnuCash inafuata uhasibu wa pande mbili bila kulegeza: kila shilingi ina ilikotoka na ilikokwenda, na kinachokosa upande wa pili hutupwa kwenye akaunti inayoitwa Imbalance-TZS, au Imbalance-KES, kulingana na sarafu. Baada ya kuingiza data, hiyo ndiyo akaunti ya kwanza kuifungua. KMyMoney ina sura ya upole zaidi, ina lebo za miamala, na inasoma faili la GnuCash moja kwa moja, kwa hiyo kuchagua moja leo hakukufungi. HomeBank humfaa anayetaka mapato, matumizi na chati, basi. Kwa aliyetoka Excel ningemwelekeza HomeBank. Kwa aliyetoka Quicken akiwa na hisa na akaunti kumi, GnuCash.

Ukichagua GnuCash, anza na XML, usichague SQLite kwa zoezi hili. Sababu ni ya kivitendo: kwenye XML, mradi umezima uhifadhi wa kiotomatiki, mabadiliko hayaandikwi mpaka uhifadhi, kwa hiyo uingizaji ukiharibika unafunga bila kuhifadhi na kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Kwenye SQLite kila badiliko huandikwa papo hapo, na hakuna kitufe cha kurudisha nyuma miamala elfu tatu.

Kwa CSV na OFX, usianze na mwaka mzima. Ingiza mwezi mmoja, upange kwa subira kila muamala uende akaunti yake, uhifadhi. GnuCash hujifunza kutokana na maneno ya maelezo. Ukiingiza mwezi wa pili tayari itapendekeza kwamba LUKU ni umeme na jina fulani ni pango. Ikifika mwezi wa nne unakubali tu na kurekebisha machache. Anayemwaga miaka mitano kwa mara moja hupanga miaka mitano kwa mkono.

Mpangilio mmoja wa GnuCash hautufai: kiwango cha makato ya ATM, ambacho kimewekwa 2.00. Kinasaidia programu kutambua kwamba dola 102 za taarifa ya benki ni zile 100 ulizotoa pamoja na ada ya mashine. Kwa shilingi, 2.00 haina maana yoyote. Wewe andika makato kama fungu lake.

Salio lisipolingana

Chukua ile karatasi ya masalio ya 31 Desemba. Anza na mwaka wa kwanza, akaunti moja. Ikilingana, nenda mwaka unaofuata. Mwaka wa kwanza usiolingana ndio wenye kosa. Ya baadaye yote imerithi tu, usihangaike nayo. Ndani ya mwaka huo gawa nusu: salio la 30 Juni likoje? Kisha robo, kisha mwezi. Hata kwa akaunti yenye miamala maelfu utafika kwenye wiki yenye tatizo haraka.

Tofauti yenyewe huzungumza. Ikiwa sawasawa na kiasi cha muamala mmoja, muamala huo haupo au umeingia mara mbili. Ikiwa maradufu ya muamala mmoja, umeingia kwa alama isiyo yake, kilichotoka kimeandikwa kimeingia. Tofauti ikiwa ileile tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, tatizo ni salio la kuanzia. Quicken huliandika kama muamala wa kwanza wenye maneno "Opening Balance" na jina la akaunti yenyewe ndani ya mabano ya mraba. Aliyekata faili ili aanzie mwaka wa katikati ameukata na huo. Uandike kwa mkono, upande wa pili ukiwa akaunti ya mtaji.

Usiongeze muamala wa "marekebisho" ili salio likubali kabla hujatafuta. Ukishatafuta kwa dhati na tofauti ni ndogo, na ni ya mwaka 2007, weka marekebisho, andika kwenye maelezo kwamba ni marekebisho ya uhamisho, uendelee na maisha. Hesabu za nyumbani hazikaguliwi na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali.

Hisa na uwekezaji vihamishe mwisho kabisa, na ukaguzi wake uwe wa idadi ya hisa kwanza, thamani baadaye. Migawanyo ya hisa na gawio lililonunua hisa zaidi ni vitu ambavyo QIF huvibeba vibaya. Kwa uwekezaji wenye miamala michache, kuandika kwa mkono ni haraka kuliko kurekebisha.

Kisha tumia programu mpya mpaka taarifa ya benki inayofuata ifike, ukiwa bado na ya zamani kwenye kompyuta. Ukifanikiwa kulinganisha taarifa hiyo kwenye programu mpya bila kuirejea ya zamani, uhamisho umekamilika. Weka kwenye folda moja faili la asili, mafaili ya QIF au CSV uliyoyatoa kabla hujayagusa, zile PDF za salio, na kisakinishi cha programu ya zamani kama unacho. Nakala moja ibaki nyumbani na nyingine kwingine. Faili la zamani liwekee alama ya kusomwa tu. Usiingize humo muamala mpya hata mmoja, hata siku ambayo programu mpya imekuudhi, kwa sababu kuanzia hapo utakuwa na vitabu viwili na hakuna kati yavyo kitakachokuwa na salio la kweli.